Mrejesho: ile laptop ya kukunja, Linux imekubali

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu laptop yangu ya zamani, ile inayokunjika mpaka nyuma ikawa tableti, ram GB 4, kwamba Linux (mfumo endeshi, mbadala wa Windows) imeingia vizuri ila nikiigeuza skrini haizunguki, na nikiizungusha kwa komandi ya xrandr tachi inabaki ilipokuwa, nagusa juu kulia inabonyeza kona nyingine kabisa.

Aliyesema nihamie Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha picha kwenye skrini) ndani ya GNOME (desktop ya Linux ninayotumia) ubarikiwe sana aisee. Nililogauti, pale pa kuingizia paswedi kuna kialama cha gia chini kulia, nikachagua Wayland, nikahakikisha iio-sensor-proxy ipo maana ndo inayosoma sensa ya mlalo, nikageuza mashine, skrini ikazunguka yenyewe na kidole kinagusa palepale ninapopaona! Kumbe kwenye Xorg, ule mfumo wa zamani wa picha niliokuwa natumia, picha na tachi ni vitu viwili, lazima uzungushe kila kimoja kivyake.

Kalamu nayo inasoma mpaka mgandamizo, naandikia Xournal++, programu ya kuandika noti kwa mkono, ukikaza mkono wino unanenepa, raha tupu. Kibodi ya kwenye skrini kuna programu inagoma kutokea, hapo unaburuza kidole kutoka ukingo wa chini kwenda juu inakuja. Zram, ile inayobana data ndani ya ram ili itoshe zaidi, nimewasha pia, mashine haigandi hovyo tena.

Kilichobaki ni kibodi halisi haijizimi nikiikunja, vidole vinabonyeza herufi kwa nyuma. Mwenye kujua anielekeze tafadhali.