Iringa tumeuziwa "bendi laivu" ya flashi kwa majina ya marehemu

Wakuu, kamwene. Nina hasira, na nimeamua kuandika nikiwa nayo hivi hivi.

Jumamosi iliyopita hapa Iringa mjini palikuwa na onesho la kuwaenzi wanamuziki waliotangulia mbele ya haki. Gari la matangazo lilizunguka Kihesa, Mlandege, Mshindo mpaka Ipogolo: bendi kamili, laivu mwanzo mwisho, zilipendwa na Bongo Fleva za marehemu wetu. Kiingilio 10,000, ukitaka meza 50,000. Kwa mji huu hizo si hela za kuokota. Watu walilipa. Wazee walivaa suti na kofia zao, akina mama walishona sare za vitenge, na baridi hii ya Julai mnaijua wenyewe.

Mimi nilikaa mbele kabisa. Gitaa la besi halikuwa na waya. Kijana wa watu anatembeza vidole, kichwa anatikisa, na besi inanguruma kwenye spika kama kawaida! La solo lilikuwa na waya, ila ncha ya pili imelala sakafuni nyuma ya spika, haijachomekwa popote. Wimbo wa tatu ukakwama katikati, ukawa unarudia neno lile lile, na mwimbaji bado maiki iko mdomoni. DJ akachomoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Ukumbi ukazomea. MC anatuambia ni hitilafu ya umeme, na taa zote zinawaka.

Kwa vijana ambao hamjawahi kuona dansi likipigwa, naomba mnielewe kwa nini hili linauma. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, halafu unaingia kwenye chemko. Hapo solo na rithimu vinajibizana, tumba zinapanda, tarumbeta zinaingia. Chemko halina dakika maalumu. Kiongozi wa bendi anaangalia watu: uwanja ukijaa anaongeza, mtu akija kutuza mwimbaji anamtaja jina, mpiga solo anazunguka tena. Ndiyo maana wimbo wa dakika sita redioni ulikuwa unafika robo saa ukumbini. Sasa flashi itamwona nani aliyesimama kucheza? Palikuwa na mzee mmoja na mkewe, wamengoja utangulizi wote wamekaa, chemko likaanza wakainuka, hawajafika hata katikati ya uwanja wimbo umekwisha. Wakarudi kukaa. Nilitaka kupanda jukwaani.

Hao tunaodai kuwaenzi walirekodi Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumba kimoja. Mmoja akikosea, mnarudia wote. Halafu unamkumbuka mtu wa namna hiyo kwa kuchezesha midomo!

Na MC hakuwa amejiandaa hata kidogo. "Zuwena" akaitangaza kuwa ya Mbaraka Mwinshehe. Zuwena ni ya Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, akiwa na bendi ya Dar International. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, Marijani akafariki 1995. Ni watu wawili tofauti, sauti tofauti, magitaa tofauti. Akaja kwa Albert Mangwea wa Bongo Fleva, yule Ngwair, akamwita mtoto wa Dar. Ngwair alizaliwa Mbeya mwaka 1982, jirani zetu hapa, akafia Afrika Kusini Mei 2013, kaburi lake liko Morogoro. Haya yote yanajulikana, ukiuliza dereva wa bajaji anakwambia.

Lililonimaliza kabisa ni hili. Saa nne nzima za kuwakumbuka wanamuziki, ndani ya Iringa, na Tancut Almasi haikutajwa hata mara moja. Tancut! Bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi cha hapa hapa, wana Fimbo Lugoda, iliyoitikisa nchi miaka ya themanini. Kuna Mtanzania wa umri wangu asiyeujua wimbo wao "Nimemkaribisha Nyoka"? Waimbaji wake mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, sauti zao zimepanda kwenye majukwaa ya mji huu, leo wote hatunao, na hakuna aliyeona wanastahili hata dakika moja ya kusimama. Wala msanii wa hip hop Geez Mabovu, aliyefariki Novemba 2014, mtoto wa Iringa kabisa. Mabango yalijaa sura za watu wa mbali, wa kwetu hawamo.

Halafu tuliambiwa sehemu ya mapato inakwenda kwa familia za marehemu. Familia zipi? Hakuna hata moja iliyotajwa wala kusimamishwa tuione. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kazi za Marijani zina wenyewe mpaka 2045. Hela iliyokusanywa mlangoni kwa nyimbo zake ni ya wanawe pia, na waandaaji waseme hadharani wamempa nani na kiasi gani.

Nataka turudishiwe kiingilio. Tiketi yangu ninayo, na wewe uliyekuwepo usitupe yako. Mwenye video ya ule wimbo uliokwama aiweke hapa, na mwenye picha ya ule waya vilevile. Jumatatu tunakwenda kwa waandaaji pamoja, asiende mtu mmoja mmoja akapigwa chenga.

Wana Mbeya, nimesikia msafara huu unakuja kwenu mwezi ujao. Nendeni mchana wakati wanafunga vyombo, mkaangalie kama kuna mtu anajaribu gitaa au ni DJ peke yake na kompyuta yake. Wapiga ala wazuri mnao huko, na hapa tunao, wanapiga harusini na makanisani kila wikiendi. Wangeitwa hao wakalipwa, wazee wetu wangecheza.