Mtu usiyemjua analia hadharani: umsogelee au umwache?

Mpitanjia:
Wadau, salaam. Mtu yuko kwenye benchi la kituo au ndani ya basi, simu mkononi, analia hadi mabega yanatikisika. Pengine ndiyo kwanza amepewa habari za msiba. Wengi wetu tunageuza shingo, na si kwa roho mbaya, tunaogopa kumwongezea. Mnaofanya kazi na wafiwa, tuelekezeni: unamsogeleaje, useme nini, na utajuaje kwamba hataki mtu karibu?

Bi Nasaha:
Mpitanjia, asante kwa kuuliza. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Watu wengi huruka la kwanza. Tazama alipo. Yuko ukingoni mwa barabara? Kwenye ngazi? Ameshika usukani? Hayo yanatangulia machozi.

Mwendee kwa mbele au ubavuni ili akuone unakuja. Acha nafasi ya mkono mmoja ulionyooshwa, na usimzibie njia ya kuondokea. Kama amekaa, nawe kaa au chuchumaa. Kisha sema, kwa sauti ya chini: "Pole sana. Naweza kukaa hapa kidogo?" Inatosha. Akitikisa kichwa kukataa, au akikupa mgongo, mwambie "Sawa, nipo pale ukinihitaji," kisha nenda kweli, mahali anapoweza kukuona.

"Nikusaidie nini?" ni swali zuri kwa wakati mwingine. Aliyepigwa na habari mbaya anashindwa hata kupanga wazo moja, nawe unamtwisha kazi ya kufikiri. Uliza la ndiyo au hapana: "Nikuletee maji?" "Kuna mtu tumpigie?"

Kitambaa au tishu weka karibu na mkono wake, aichukue mwenyewe. Ukimfuta, au ukimsogezea usoni, anaweza kusikia "nyamaza". Halafu vumilia ukimya. Kilio huja kwa mawimbi: kinatulia, anakumbuka kitu, kinarudi. Kikirudi, usidhani umekosea.

Mzee wa Faraja:
Naongeza upande wa maneno. Acheni "usilie", "jikaze", "najua unavyojisikia", na kila sentensi inayoanza na "angalau". Zote zinamtaka aumie kidogo zaidi ili sisi tupumue. Maneno ya dini pia yasubiri, kwa sababu huijui imani yake wala hujui amegombana vipi na Mungu wake asubuhi hiyo. Na tafadhali, usichunguze chanzo cha kifo.

Akimtaja marehemu kwa jina, litumie jina hilo. Akisema "huwa ananipigia kila jioni", kana kwamba yu hai, usimsahihishe, maana ulimi huchelewa kuzoea. Zile hatua tano za kukabili kifo, kuanzia kukataa hadi kukubali, alizozieleza daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, kwa hiyo kumwambia mfiwa "bado uko hatua ya kukataa" hakumsaidii kitu.

Mpitanjia:
Na kumkumbatia? Na mwili ukigoma, labda anahema sana au anaishiwa nguvu?

Huduma ya Kwanza:
Kukumbatia: omba kwanza, au weka kiganja wazi karibu naye. Akitaka atakishika.

Kuhema kwa kasi hupunguza kaboni dioksidi mwilini, ndiyo maana midomo na vidole vinamfa ganzi. Mfuko wa karatasi mdomoni usitumie, ni hatari hasa kama tatizo ni la moyo au mapafu. Pumua naye polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Akiona kizunguzungu, alale chali na miguu iinuliwe.

Maumivu ya kifua yasiitwe "uchungu tu". Kuna hali iitwayo takotsubo, iliyoelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1990, ambapo mshtuko mkubwa hudhoofisha ghafla msuli wa moyo. Dalili zake hufanana na za shambulio la moyo, na huwezi kuzitenganisha kwa macho. Ita gari la wagonjwa.

Na akisema "nataka kumfuata", muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake hata dakika moja, ita msaada.

Bi Nasaha:
Nimalizie "unganisha", kwani hapa ndipo watu wema huharibu. Simu afungue mwenyewe, achague jina. Akikuomba uongee wewe, uliza kwanza kama anayepokea anaendesha gari, kisha sema tu: "Niko na dada yako mahali fulani, hajaumia, ila anakuhitaji." Habari ya kifo si yako kuitoa.

Watu wakianza kurekodi, simama kati yake na kamera, ukiwapa hao mgongo. Usiwagombeze, sauti kali zitamtisha yeye. Na usiondoke kimyakimya. Ndugu yake akifika, mwambie kwa kifupi kama amekunywa maji, kama alizimia, kama alilalamika kifua, kisha muage mfiwa mwenyewe.