Mwezi wa nne kwenye utafiti, sijui siku zangu zinaishia wapi

mtoto_wa_bombo:
Habari za humu wakubwa. Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Kampala na PhD nimeanza juzi juzi tu. Natoka Bombo saa kumi na mbili asubuhi, jam ya Kawempe inanila, nafika saa mbili na nusu nimeshachoka, nafungua laptop naanza na imeili, bosi anaingia WhatsApp anataka faili, mara mtu wa fildi anapiga kutoka Luweero fomu zimemwishia, kuja kushtuka saa saba watu wanaenda kula na mimi sijaandika hata mstari. Ratiba ya rangi rangi kwenye simu nimejaribu, ilidumu siku tatu. Wenzangu mnafanyaje?

dada_wa_maabara:
Pole kaka. Kabla ya ratiba nyingine chukua kidaftari cha shule, wiki moja tu, kila nusu saa andika ulichofanya kweli, si ulichopanga. Mimi nilijionea aibu. PCR, ile mashine ya kuzidisha DNA, inazunguka saa moja na nusu mpaka mbili, na muda wote huo nilikuwa nasimama koridoni na simu najiambia niko kazini. Siku hizi nikishabonyeza mashine naenda kuandika aya ya mbinu, maana ndo nimetoka kuifanya bado iko kichwani, ukingoja miezi sita hukumbuki hata ulitumia joto gani.

boda_na_data:
Jaribu Pomodoro, mbinu ya kugawa muda wa kazi! Aliianzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, na kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya, nyanya kwa Kiitaliano ni pomodoro, ndo jina likatoka hapo. Dakika 25 kazi, 5 pumzika, zikifika raundi nne unapumzika zaidi. Kusafisha data iko poa sana. Kuandika ndo inanikata stimu, naanza tu kuchemka kengele inalia, so huko naweka 50. Na simu iingie kwenye droo, si kuilaza kifudifudi mezani, tunajuana.

mama_wawili:
Mnaongea kama hamna watoto 😄 Mimi naandika saa kumi alfajiri kabla hawajaamka, laptop nimeichaji usiku maana umeme wa huku hauaminiki. Ila kijana, shida yako si nyanya, ni bosi. Mwambie mpaka saa tano naandika, faili utapata baada ya hapo. Wangu nilidhani atanifukuza, akasema tu sawa. Halafu ukishapeleka protokoli, yaani mpango wa utafiti, kamati ya maadili, na baadaye UNCST, lile baraza la taifa la sayansi na teknolojia, usikae kungoja kibali ndo uanze kuandika. Yangu ilirudishwa mara mbili, banange, sababu ya tafsiri ya fomu ya ridhaa, na miezi yote hiyo nilikuwa naangalia imeili tu wakati utangulizi mzima ningekuwa nimeumaliza.

mtoto_wa_bombo:
Asanteni sana. Kidaftari nimenunua Wandegeya, siku ya kwanza tu imeili peke yake imekula masaa mawili na ushee 🙈 Meseji ya bosi nimeiandika nikaifuta mara tatu, bado sijatuma. Mama, wewe ulimwambia kwa simu au uso kwa uso?

mama_wawili:
Uso kwa uso mwanangu. Baada ya chai, si kabla.