Kutoka Leaf kwenda Atto 3: waya wa kuchajia utafaa, na Leaf niiuze vipi?

Mtu_wa_Nyali
Wadau, salamu. Gari la sasa ni Nissan Leaf ya 2018, kWh 40, iliyoagizwa Japani. Vipimo vya betri (vile vijistari vya dashibodi) vimebaki 11 kati ya 12. Naangalia BYD Atto 3 iliyotumika, ya kWh 60.48. Nyumba iko Mombasa, umeme fezi moja. Nachajia kwa waya uliokuja na Leaf, plagi ikabadilishwa kuwa ya miguu mitatu. Je, waya huo utafaa? Leaf imeandikwa kilomita 400 na Atto 3 420: tofauti ni ndogo hivyo kweli? Na Leaf niiuze vipi nisiangushwe bei?

Fundi_Soketi
Ndugu, anza na hiyo plagi, tena leo. Waya wa Japani umetengenezewa volti 200 na mwingi huvuta ampea 15. Plagi ya miguu mitatu kikomo chake ni 13, na haikukusudiwa kubeba mzigo huo usiku kucha. Ifungue utazame pini iliyo upande wa fyuzi. Ikiwa imebadilika rangi, au plastiki kando yake imegeuka hudhurungi na kunuka, usiichomeke tena, na soketi ya ukutani uibadilishe pia.

Kwa Atto 3 waya huo hauingii. Leaf ya Japani ina tundu la Taipu 1, Atto 3 ina Taipu 2. Adapta zinauzwa, ila adapta haiponyi plagi iliyoungua.

Weka chaja ya ukutani ya kW 7. Ivutie laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, breka ya ampea 40, waya wa 6mm kwa umbali mfupi, 10mm ikiwa maegesho yako mbali na bodi. Uliza kama chaja ina kinga ya ndani dhidi ya mvujo wa DC (mkondo wa moja kwa moja, kama wa betri) wa 6 mA. Ikiwa nayo, RCD (kikata umeme unapovuja) ya Aina A inatosha. Ikiwa haina, nunua Aina B. Usikubali ile rahisi ya Aina AC: ikipitiwa na DC kidogo hupumbaa, na mtu akipigwa na umeme inaweza isikate.

Erthi ipimwe kabla ya kulipia chaja. Chaja nyingi hukataa kuwaka erthi ikiwa mbovu, na hapo watu hurudisha dukani chaja nzima isiyo na kosa.

Dada_Betri
Hizo kilomita zimepimwa kwa mizani mbili. 400 ya Leaf ni kipimo cha Japani, JC08. Gari hilohilo kwa WLTP, kipimo kinachotumika Ulaya, ni 270. 420 ya Atto 3 ni WLTP. Kwa hiyo linganisha 270 na 420. Ukiona broshua ya Kichina yenye CLTC, kipimo cha China, hiyo nayo iweke kando.

Tabia ya kuchaji ndiyo wengi husahau kuibadilisha. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, ndiyo maana kwa joto la Pwani tunashauri ilale kwenye 80%. Ya Atto 3 ni LFP, aina ya betri ya lithiamu yenye chuma na fosfeti. Volti yake haibadiliki sana kati ya chaji ndogo na kubwa, kompyuta hupotea hesabu, na unaweza kuona 15% kumbe iliyomo ni chini ya hapo. Ijaze hadi 100% angalau mara moja kwa wiki.

Tena betri hiyo hupozwa na gesi ileile ya AC, yaani kiyoyozi cha gari. Gesi ikivuja, si wewe tu utakayesikia joto. Mwambie fundi wa AC mapema: kompresa ya gari la umeme hutumia mafuta ya POE. Akitia PAG ya magari ya petroli, kinga ya umeme ndani ya kompresa huharibika na gari linaweza kukataa kuwaka.

Mtu_wa_Nyali
Nimeifungua. Pini nyeusi, fyuzi imeng'ang'ania. Nimeiweka kando. Na kuuza je?

Dada_Betri
Vizuri umeitoa. Kwa Leaf, tafuta kisomaji cha OBD2 (kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari) na programu ya simu ya LeafSpy Pro. Piga picha ya skrini mara mbili: chaji ikiwa imejaa, na ikiwa chini ya 20%. Ya pili ndiyo mnunuzi anayejua ataitaka, kwa sababu seli dhaifu hujificha betri ikijaa na huzama peke yake chaji ikipungua. Kipimo cha kwanza cha dashibodi huanguka SOH (afya ya betri ikilinganishwa na ilipokuwa mpya) ikifika karibu 85%, kila kinachofuata ni kama 6%. Ukiwa na 83%, sema 83%. "Vipimo 11" vyaweza pia kuwa 79%, na mnunuzi atakadiria cha chini.

Fundi_Soketi
Upande wa Atto 3, usilipe kabla mwenye gari hajaliondoa kwenye akaunti yake ya programu ya BYD mbele yako, na akupe kadi ya NFC (ya kufungulia gari kwa kuigusisha) pamoja na funguo zote. Kuhamisha umiliki, muuzaji ndiye anayeanzisha ombi la NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, wewe unalikubali. Dai pia adapta ya kutolea umeme kwenye gari. Inabeba friji na taa stima zikipotea, na mara nyingi husahaulika kwa muuzaji.