Naomba ushauri: rundo la vitabu kando ya kitanda
Ndugu wasomaji, ninaishi Kirumba, Mwanza, na kando ya kitanda changu kuna vitabu 14 ambavyo sijavimaliza. Jalada la kile cha chini kabisa limeanza kujikunja kwa unyevu, na cha juu, kwa aibu yangu, nimekigeuza kifuniko cha bilauri ya maji.

Kinachonisumbua zaidi ni riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ambayo aliiandika kwa Kikerewe na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 katika juzuu mbili. Kila ninapoishika usiku, usingizi hunichukua kabla ya kurasa tano, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa inamtaka msomaji asiye na haraka.

Je, niisome peke yake hadi mwisho na kuvifungia vingine kabatini, au niihifadhi kwa safari ya meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe?