Ulinganisho: Forodhani, Darajani au Ng'ambo kwa chakula cha Jumamosi jioni?

Mama wa Kikwajuni:
Assalaamu alaikum. Jumamosi ijayo shangazi zangu wawili watateremka na boti kutoka Pemba wakiwa na wajukuu, na wameomba niwapeleke mahali pa wazi ambapo watu hula jioni kwa kujichagulia, kidogo hapa na kidogo pale, badala ya kukaa mkahawani na kusubiri kuletewa. Nimebaki na sehemu tatu hapa mjini Unguja, nazo ni Bustani ya Forodhani, pembezoni mwa soko la Darajani, na wachuuzi wa barabarani huku kwetu Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Naomba mnieleze tofauti zake kwa upande wa chakula chenyewe, bei na nafasi ya kukaa, kwa sababu shangazi mkubwa hawezi kusimama kwa muda mrefu.

Mkaazi wa Shangani:
Wa alaykumu salaam, dada. Ikiwa kukaa ndilo sharti la kwanza, basi Forodhani haina mshindani. Bustani ile, iliyotengenezwa katika miaka ya 1930 kwa kumbukumbu ya jubilii ya Sultani Khalifa bin Haroub, ilifanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, na tangu hapo mtu mzima anapata pa kupumzika huku akipigwa na upepo wa bahari. Wachuuzi hupanga meza zao alasiri, ila shughuli huchangamka baada ya Magharibi. Kuna mishkaki, pweza, ngisi, mikate ya ufuta, juisi ya miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, na ile pizza ya Zanzibar, ambayo kwa kweli ni donge la unga linalotandazwa likawa jembamba, likajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, likakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Mimi naiona ni tamasha zaidi kuliko chakula, lakini wajukuu hawatabanduka hapo.

Mpishi wa Mchangani:
Ndugu yangu wa Shangani amesema kweli kuhusu upepo, lakini amesahau urojo, na mgeni aliyefika mjini akaondoka bila kuonja urojo hajatembezwa. Urojo ni chakula cha alasiri. Rojo lenyewe, la unga uliotiwa manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu, linaweza kukaa motoni bila kuharibika, lakini bajia na kachori zinazotiwa ndani yake zinataka kuwa zimetoka kwenye mafuta muda si mrefu, na chipsi za mhogo zinazonyunyizwa juu hazina maana zikishalainika. Kwa hiyo mtu anayeagiza urojo baada ya Isha mara nyingi anakula mabaki ya mchana. Maeneo ya Darajani, kulizunguka jengo lile la soko la mwaka 1904, ndiko ningeanzia mnamo saa kumi, kabla watu hawajarundikana wakirudi mashamba. Kasoro yake ni kwamba hapana utulivu: mutakula huku munapishana na mikokoteni na vespa, na kiti, kama kipo, ni benchi la mwenye biashara.

Mstaafu wa Malindi:
Mwanangu, mimi nitazungumzia samaki tu, kwa kuwa hapo ndipo wageni wanapopunjika. Vijiti vingi vya samaki unavyoviona mezani Forodhani vimeshapikwa kabla, na mwenye meza huvirudisha motoni unapoagiza. Kwa pweza jambo hilo si baya, maana pweza hana budi kuchemshwa kwanza ili alainike, na makaa humwongezea harufu tu. Ngisi na kamba ni kinyume chake, kwani wakipata moto mara ya pili huwa wagumu na utamu wao hupotea. Nguru na jodari watake wakiwa wabichi, wachomwe mbele ya macho yako, na usipokee mpaka moto umefika katikati ya mnofu. Kuhusu bei, uliza ya kijiti kimoja kimoja kabla sahani haijaanza kujazwa, kwa sababu hesabu hufanywa mwisho, na wakati huo hakuna mwenye hamu ya kubishana mbele ya wageni wake. Utafute meza ambayo wenyeji wanakula.

Mpemba wa Wete:
Hao mashangazi wa Kipemba musiwatishe kwa pweza. Chake Chake jioni anauzwa kando ya njia, na watamlinganisha kwa ukali. Wapeni urojo na miwa. Halua waacheni waje nayo wenyewe kutoka Wete.

Mama wa Kikwajuni:
Ahsanteni sana, na shikamoo mzee wa Malindi. Naona sasa kwamba swali langu lilikuwa zaidi la saa kuliko la mahali: urojo Darajani saa kumi, kisha Forodhani baada ya Magharibi. Yamebaki mawili. Shangazi hawezi kukata vichochoro vya Mkunazini na Hurumzi kwa miguu, na sasa ni masika.

Mkaazi wa Shangani:
Kwa shangazi, chukueni teksi kutoka Darajani, mupite Malindi na kuifuata barabara ya Mizingani hadi kwenye bustani yenyewe. Vijana na watoto wakate vichochoro, mutakutana huko.

Mpishi wa Mchangani:
Kwa mvua, hapo ndipo Ng'ambo inapoingia. Forodhani haina paa la maana, na mvua ikikaza kila mtu hukimbilia chini ya miti. Barabara za Michenzani, chini ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zina wauza chipsi na mishkaki, na kuna mahali pa kujikinga. Bei pia ni za wenyeji, ingawa mandhari ni magari tu. Tazameni mbingu baada ya Alasiri. Wingu likiwa zito upande wa bahari, nunueni mishkaki Michenzani, mukaile barazani Kikwajuni.