Mama anatapika hata kwa harufu ya chakula, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya nne, tunamuuguza nyumbani. Tangu aanze mofini ya maji (dawa ya maumivu makali) kichefuchefu hakimwachi. Hata kitunguu kikikaangwa, anatapika. Jiko tumelihamishia uani, uji mwepesi tunampa ukishapoa, vijiko viwili vitatu basi. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika aliyoandikiwa, anaitapika kabla haijatulia. Choo nacho kimefunga (mofini ndiyo zake), na nasikia hiyo peke yake huzidisha kichefuchefu.

Wauguzi na mliowahi kuuguza: dawa nimpe muda gani kabla ya kula? Niombe ya sindano? Matapishi yakiwa ya kijani nimkimbize hospitali? Halafu shangazi anayemlazimisha ale ashibe, nimwambieje asikasirike?